Asilimia Tano ya Maskini, Asilimia Tano ya Tajiri

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo hadithi ni ya kodi. Msikunje nyuso, kwa maana ndani yake mna gereza, mna bendi iliyopiga muziki barabarani, mna mama mjamzito aliyefungwa kwa kuwatetea majirani zake, na mna mji mdogo uliojenga minara hadi ukazama kwenye madeni. Yote yametokea kweli, huko Uingereza, na mengine yanaendelea mpaka leo.

Kwanza tuijue kodi yenyewe. Mji haujiendeshi. Lazima taka zizolewe, taa za barabarani ziwake, maktaba ifunguliwe asubuhi, mtoto aliyekosa malezi apate pa kulala, na mzee asiyeweza kujiinua kitandani apate mtu wa kumwogesha na kumlisha. Uingereza kazi hizi ni za halmashauri, na sehemu kubwa ya gharama yake hutoka kwenye kodi inayotozwa nyumba za watu. Tanzania kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, kwa hiyo mama akinunua umeme huwa amekwisha kulipa, pengine bila hata kujua. Kule mambo yako wazi zaidi. Bili inaingia mlangoni kila mwaka kabla ya Aprili, jumla ya mwaka mzima imeandikwa, na imeonyeshwa imepanda kwa asilimia ngapi kuliko mwaka uliopita.

Ni tarakimu hiyo ndogo ya asilimia ambayo imewagombanisha Waingereza kwa miaka mingi. Nani aseme ipande kiasi gani? Diwani aliyechaguliwa na watu wa mtaa? Waziri aliyeko London, ambaye hajawahi kukanyaga mtaa huo? Au mwenye kulipa mwenyewe?

Twendeni mwaka 1921, mashariki ya London, mahali panapoitwa Poplar. Hapo ndipo zilipokuwa gati za meli. Mwanamume aliamka alfajiri akaenda kusimama getini, akisubiri kuitwa kupakua mizigo. Akiitwa, watoto walikula, asipoitwa walilala hivyo hivyo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, kazi zikapungua, na wasio na ajira wakawa wengi kupita kiasi. Wakati huo kuwasaidia maskini lilikuwa jukumu la mtaa wenyewe. Mtaa wenye maskini wengi ulibeba mzigo mkubwa, na mtaa wenye matajiri wengi ulibeba mzigo mdogo. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Sheria ilikuwa inawataka maskini walishe maskini.

Kodi ya nyumba siku hizo ilihesabiwa kwa peni. Halmashauri ilisema: kila pauni moja ya thamani ya nyumba yako, lipa peni kadhaa. Sasa sikilizeni kwa makini, maana hadithi yote imeegemea hapa. Westminster, mtaa wa majumba ya kifahari na ofisi za serikali, ilipotoza peni moja ya ziada, iliingiza fedha zaidi ya mara nane ya zile ambazo Poplar iliingiza kwa peni ileile. Nyumba za Poplar zilikuwa vijumba vya kupanga, thamani yake ndogo. Ili Poplar ipate kiasi kilichopatikana Westminster kwa peni moja, ingebidi iwatoze watu wake peni nane na zaidi. Na juu ya hayo, kila mtaa ulitakiwa kukusanya pia michango ya polisi, ya maji na ya halmashauri kuu ya jiji la London.

Madiwani wa Poplar walikaa wakajadiliana. Kiongozi wao alikuwa George Lansbury, mtu wa sauti kubwa, mcha Mungu, mhariri wa gazeti la wafanyakazi. Wakakata shauri: fedha ya kuwasaidia wenye njaa itatolewa, lakini michango ile mingine haitakusanywa. Wakashtakiwa. Siku ya kwenda mahakamani hawakujificha. Walitoka Poplar kwa miguu, mbele yao bendi ikipiga, nyuma yao umati wa wakazi, na bango linaloeleza kwamba wanakwenda Mahakama Kuu na huenda wakatoka huko kwenda gerezani. Wakaenda gerezani kweli. Madiwani 30, wanaume wakapelekwa gereza la Brixton na wanawake gereza la Holloway. Mmoja wa wanawake hao, Nellie Cressall, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Lansbury alisimama dirishani mwa chumba chake cha gereza akawahutubia watu waliokusanyika nje. Vikao vya halmashauri vikafanyika humohumo gerezani. Wanawake wakawa wanaletwa kutoka Holloway ili wahudhurie. Fikirieni kikao cha madiwani kinachojadili mambo ya mtaa, na nje ya mlango kuna askari magereza ameshika funguo.

Baada ya wiki sita hivi serikali ikarudi nyuma. Wakaachiliwa Oktoba 1921, na Bunge likapitisha haraka sheria ya kuzifanya sehemu tajiri za London zichangie gharama za sehemu maskini. Lakini ushindi huo ulikuwa na bei yake. Minnie Lansbury, mkwe wa George, naye diwani aliyefungwa, alitoka gerezani akiwa dhaifu. Alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 32. Ukipita barabara ya Bow leo utaiona saa ya ukutani iliyowekwa kwa kumbukumbu yake.

Nimewakalisha sana Poplar kwa sababu madiwani wale walielewa jambo ambalo mawaziri wengi waliokuja baadaye walilisahau. Kiwango kimoja cha kodi, kikiwekwa kwa wote, hakiwi sawa kwa wote. Kinatazama nyumba zilizopo, hakitazami mahitaji yaliyopo.

Sasa turuke miaka sitini. Miaka ya 1980 waziri mkuu alikuwa Margaret Thatcher, na serikali yake iliona halmashauri nyingi za mijini zinatumia fedha ovyo na kuwakamua wenye nyumba na wenye maduka. Tusimnyime haki yake: malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Kulikuwa na wajane waliobaki peke yao kwenye nyumba kubwa, kipato chao pensheni tu, na bili inapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria ya kumpa waziri mamlaka ya kuziwekea ukomo halmashauri alizoziona zimevuka mpaka. Mwaka uliofuata halmashauri kadhaa zikagoma kupanga kodi kabisa. Moja baada ya nyingine zikalegea, zikabaki Lambeth na Liverpool. Madiwani wao hawakufungwa kama wale wa Poplar, lakini karibu 80 wa halmashauri hizo mbili walitozwa fedha kutoka mifukoni mwao na kuzuiwa kushika nafasi hiyo kwa miaka. Liverpool iliishiwa fedha kiasi cha kupeleka barua za kuachishwa kazi kwa maelfu ya wafanyakazi wake, na barua hizo zilisambazwa mjini kwa teksi.

Kisha Thatcher akaja na wazo lililomponza. Akafuta kodi ya nyumba akaweka kodi ya kichwa: kila mtu mzima alipe kiasi kilekile katika mtaa wake, mwenye kasri na mfagiaji wake. Wazee wetu Afrika Mashariki waliijua kodi ya kichwa, na wanajua ilivyopendwa! Ilianza Scotland mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990. Tarehe 31 Machi 1990 maelfu kwa maelfu ya watu walijaa katikati ya London kuipinga, na siku ikaishia kwenye ghasia na moto. Novemba mwaka huohuo Thatcher akaacha madaraka. Kodi ya kichwa haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa miongoni mwa zilizomwangusha.

Aliyemrithi, John Major, akalazimika kubuni kitu kingine kwa haraka. Hapo, Aprili 1993, ikazaliwa kodi ya halmashauri inayotozwa hadi leo. Nyumba zote za England ziligawanywa katika madaraja manane, kuanzia A hadi H, kufuatana na bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Kazi ya kukadiria ilifanywa mbiombio. Nyumba nyingi zilipangiwa daraja na wathamini waliokuwa wanapita barabarani kwa gari, wanatazama nje kupitia dirishani. Nyumba isiyozidi pauni 40,000 ikawa A. Iliyozidi pauni 320,000 ikawa H. Daraja la H hulipa mara mbili ya daraja la D na mara tatu ya daraja la A, basi, haliendi zaidi ya hapo. Jumba la mamilioni ya pauni haliwezi kulipa zaidi ya mara tatu ya kijumba kilicho katika halmashauri hiyohiyo.

Na zile bei za 1991 hazijafanyiwa marekebisho England hadi leo. Wales walithamini upya nyumba zao na kuanza kutumia orodha mpya mwaka 2005. England mawaziri wa kila chama wameogopa kugusa. Msiwacheke sana, maana Nairobi nayo ilitegemea orodha ya thamani ya viwanja ya mwaka 1980 kwa karibu miaka arobaini. Hakuna mwanasiasa anayependa kuwa yule aliyewaambia watu kwamba nyumba zao zimepanda bei, hivyo walipe zaidi.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Mwaka 2024 nyumba ya daraja la H Westminster, yaani daraja la juu kabisa katika mtaa wa makasri, ilitozwa chini ya pauni 2,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo wastani wa nyumba ya kawaida ya daraja la D kwa England nzima ulikuwa pauni 2,171. Westminster ina mapato mengine mengi, kwa hiyo haihitaji kuwabana wakazi wake. Mji wa kaskazini uliopoteza viwanda hauna pengine pa kushika ila bili za watu wake.

Sasa tufike kwenye ukomo wenyewe. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria iliyobadilisha mtindo. Waziri hatazuia tena moja kwa moja. Badala yake, kila mwaka serikali itataja asilimia. Halmashauri ikitaka kupandisha kodi kwa kiwango hicho au zaidi, lazima iitishe kura ya maoni na kuwauliza wananchi. Kwa miaka kadhaa asilimia hiyo ilikuwa 2 au karibu na hapo. Kuanzia mwaka 2016 halmashauri zinazotunza wazee na walemavu ziliruhusiwa kuongeza kidogo kwa ajili ya kazi hiyo tu. Tangu mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2023 jumla imekuwa 5: tatu kwa kazi zote na mbili kwa matunzo. Ndiyo maana ukipita miji mingi ya England utakuta bili imepanda kwa asilimia 4.99. Wamefika ukingoni, hawakuvuka.

Je, wananchi waliulizwa mara ngapi? Mara moja tu kwa zaidi ya miaka kumi. Nayo haikuwa halmashauri bali polisi wa Bedfordshire, ambao fungu lao limo kwenye bili hiyohiyo. Kamishna wao, Olly Martins, alikuwa mtu aliyechaguliwa kwa kura, na alisema wazi kwamba askari hawatoshi. Akaomba fungu la polisi lipande kwa asilimia 15.8 ili aajiri askari wengine 100. Kura ikapigwa tarehe 7 Mei 2015, siku ya uchaguzi mkuu. Karibu watu 7 kati ya 10 wakasema hapana, na kwa kuwa bili zilikuwa zimekwisha kupelekwa na kiwango kipya, ikabidi zitengenezwe upya.

Hebu niwaulize, ungekuwa wewe ungepiga kura gani? Umeshika karatasi inayouliza kama unataka kulipa zaidi. Askari atakayeajiriwa humjui. Mwizi atakayekamatwa hajakuibia bado. Fedha itakayotoka mfukoni mwako unaijua, na unajua ungeinunulia nini. Siwalaumu watu wa Bedfordshire hata kidogo. Ila viongozi wengine waliona, wakajifunza. Mwaka 2017 halmashauri ya Surrey, moja ya sehemu zenye utajiri mkubwa, ilitangaza kwamba itawauliza wakazi kuhusu nyongeza ya asilimia 15 kwa ajili ya kuwatunza wazee. Wiki chache baadaye ikaacha mpango huo. Kwa hiyo kura ya maoni ipo kwenye sheria, lakini kazi yake halisi ni kutisha.

Chukueni karatasi tupige hesabu. Tuseme kuna miji miwili, kila mmoja una nyumba 100,000. Mji wa kwanza ni wa gati na viwanda vilivyofungwa; nyumba zake nyingi ni za daraja A, na kwa wastani kila nyumba hulipa pauni 1,000. Mji wa pili ni wa mabwana wanaofanya kazi za benki. Nyumba zake ni kubwa, na kwa wastani kila nyumba hulipa pauni 2,000. Wa kwanza hukusanya pauni milioni 100, wa pili milioni 200. Serikali inasema: nyote mwaweza kupandisha kwa asilimia 5. Wa kwanza unapata milioni 5 za ziada. Wa pili unapata milioni 10. Mwaka unaofuata asilimia 5 nyingine inahesabiwa juu ya kile kilichopatikana, na pengo linazidi kupanuka. Lakini mshahara wa mtu anayemwogesha mzee unakaribiana katika miji yote miwili. Na mji wa kwanza ndio wenye wagonjwa wengi, wasio na kazi wengi, na watoto wengi wanaohitaji ulinzi.

Mimi nimebuni miji hiyo ili hesabu iwe nyepesi, ila hali yenyewe sikuibuni. Zaidi ya nusu ya nyumba za Liverpool ziko daraja la A. Surrey nyumba za daraja hilo ni chache mno. Isitoshe, mji maskini una familia nyingi zinazopunguziwa kodi kwa sababu ya kipato kidogo, na tangu mwaka 2013 halmashauri yenyewe ndiyo inayobeba hasara ya punguzo hilo. Kwa hiyo hata ile milioni 5 ya mji wa kwanza haiingii yote.

Zamani pengo hili lilizibwa na ruzuku ya serikali kuu. Mji usiokuwa na kitu ulipewa zaidi, mji wenye nacho ulipewa kidogo. Lakini kuanzia mwaka 2010 serikali iliamua kubana matumizi, na ruzuku kwa halmashauri ikakatwa. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ilionyesha kwamba kati ya mwaka wa fedha 2010/11 na 2017/18 fedha kutoka serikalini zilishuka kwa karibu nusu, ukizingatia kupanda kwa bei. Miji iliyotegemea ruzuku sana ndiyo iliyoumia sana. Wakati huohuo mkono mwingine wa serikali ulikuwa umeshika ukomo, unasema msipandishe kodi. Na Bunge halikupunguza hata jukumu moja zito. Sheria inaitaka halmashauri imtunze mzee aliyefikia kiwango cha uhitaji kilichowekwa. Haiwezi kumwambia fedha imekwisha. Sheria inaitaka impokee mtoto aliye hatarini. England ina watoto zaidi ya 80,000 walio chini ya uangalizi wa halmashauri. Ni kama mama aliyeambiwa fedha ya unga isizidi kiasi fulani, huku kila mwezi analetewa watoto wengine wa kulisha, na anayewaleta ni yuleyule aliyeweka ukomo.

Mama huyo atapunguza nini? Atapunguza visivyolazimishwa na sheria, au vile ambavyo sheria imeviacha vilegevu. Ndiyo maana England imefunga mamia ya maktaba. Vituo vya vijana vimefungwa. Mabasi ya vijijini yamepunguzwa, na katika sehemu nyingine hata taa za barabarani huzimwa usiku. Mwenye nyumba analipa kodi iliyopanda, anatoka nje anakuta barabara ina mashimo na maktaba ina kufuli. Anakasirika, na ana haki ya kukasirika. Fedha yake imekwenda kwa mzee asiyemwona na mtoto asiyemjua.

Oktoba 2022 bei za vitu Uingereza zilikuwa zimepanda kwa asilimia 11.1 kwa mwaka mmoja. Umeme wa maktaba, mafuta ya magari ya taka, chakula cha wazee, vyote vilipanda, na ukomo wa kodi wa mwaka huo haukufika hata theluthi ya hapo. Halmashauri zaidi zikaanza kuanguka.

Hapa lazima niwe mkweli kwenu, maana wapo watakaowaambia kwamba ukomo ndio ulioziua zote. Sivyo. Woking, mji mdogo kusini-magharibi ya London, ulikopa fedha nyingi mno ukajenga maghorofa marefu na hoteli, ukitegemea kwamba faida itaziba pengo. Faida haikuja, na Juni 2023 mji ukatangaza kwamba umeshindwa. Thurrock nao ulikopa ukaweka fedha kwenye miradi ya umeme wa jua iliyogeuka hasara. Birmingham, moja ya halmashauri kubwa kuliko zote England, ilitangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kulipa mahitaji yake. Ilikuwa na deni kubwa la madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi yenye thamani ileile, na mfumo mpya wa kompyuta wa kuendesha hesabu zake ulikuwa umeharibika na kula mamilioni. Hayo ni makosa ya viongozi wa mji. Diwani mzembe yupo, na ukomo umewekwa kwa ajili yake pia.

Lakini tazameni kilichofuata. Halmashauri iliyoanguka ndiyo iliyoruhusiwa kuvuka ukomo bila kuwauliza wananchi! Croydon, nayo iliyokuwa imeanguka, ilipandisha kodi kwa asilimia 14.99 mwaka 2023. Birmingham ilipandisha kwa 9.99 mwaka 2024, kisha 7.49 mwaka 2025. Familia ya Birmingham iliyolindwa na ukomo kwa miaka kumi na zaidi ikapigwa kwa mkupuo, wakati huohuo huduma zikakatwa. Hakuna aliyeipelekea karatasi ya kura kuuliza kama inakubali.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Serikali inapopanga bajeti na kutangaza kwamba fedha za halmashauri zimeongezeka, ndani ya hesabu hiyo huwa imekwisha kuweka ile kodi ambayo halmashauri ingepata kama itapandisha hadi mwisho wa ukomo. Diwani asipopandisha, amejinyima. Kwa hiyo ukomo umegeuka kuwa kiwango cha kawaida. Waziri anasimama bungeni anasema amewalinda walipa kodi, diwani anasimama mtaani anabeba lawama ya asilimia 4.99. Bili ya pauni 1,000 ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka mitano imekuwa pauni 1,276, na huo ndio ulinzi.

Mimi bibi yenu nasimama wapi? Sitaki mjane atolewe nyumbani kwake na kodi, kwa hiyo ukomo nauona una kazi. Mtu anayeishi kwa pensheni anastahili kujua mapema kwamba bili ya mwakani haitamshtua. Ila ukomo wa asilimia ileile kwa miji yote, bila ruzuku ya kutosha kuziba tofauti, na juu ya thamani za nyumba za mwaka 1991, ni dhuluma kwa mji maskini. Anayeweka ukomo alipie majukumu anayoyatwisha. Asipoweza kulipia, ayapunguze majukumu hayo hadharani, mbele ya wapiga kura, badala ya kumwachia diwani afunge maktaba kimyakimya. Na nyumba zithaminiwe upya, hata kama waziri atakayefanya hivyo atapoteza kiti.

Nanyi mtakua, mtakuwa na nyumba na mtapiga kura. Iwe Dodoma, Mombasa au huko Leicester waliko shangazi zenu, siku moja mgombea atasimama jukwaani aahidi kwamba kodi ya majengo haitapanda zaidi ya kiasi fulani. Mpigieni makofi kama mnataka, kisha mmoja wenu anyooshe mkono amwulize: mheshimiwa, mtaa wetu utapata shilingi ngapi kwa asilimia hiyo, mtaa wa jirani utapata ngapi, na pengo hilo atalijaza nani? Msikae chini mpaka ajibu kwa tarakimu.